SHOKA NA MPINI: JAWABU KWA WANAOWAFUNDISHA VIJANA KUNGOJA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Yako maneno matatu yanayozunguka katika nyumba zetu, na kila moja limevishwa kanzu nyeupe ya nasaha. La kwanza humwambia kijana aliyekwisha masomo: "Tulia, ngoja ajira." La pili humwambia: "Usikubali kazi yoyote mpaka uipate ile ambayo moyo wako waipenda." La tatu, nalo ndilo baya kuliko yote, humnong'oneza: "Rizki ni bahati, basi jaribu bahati yako." Sisi twasema, bila ya kutafuna maneno, kuwa yote matatu ni sumu, na kinachouawa na sumu hiyo ni ujana wenyewe.

Na ujana si jambo dogo. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi twafahamishwa kwamba mja hataondoka mahali pake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe umri wake aliumaliza katika nini, kisha aulizwe ujana wake aliuchakaza katika nini. Tazameni, ndugu zangu: ujana ni sehemu ya umri, na lau lingekuwa swali moja lingetosha. Lakini umetengewa swali lake, kwani nguvu zilizomo humo hazirudi mara ya pili. Basi mtu mzima anayemshauri kijana kupoteza miaka hiyo naye atakuwa na la kujibu.

SINGIDA INA NINI NA SISI?

Katika makala haya twaichukua Singida kuwa mfano. Huenda msomaji wa Tanga, wa Lamu, wa Mombasa au wa Unguja akauliza: watu wa pwani na Singida wapi na wapi? Jawabu limo katika sahani yake. Kuku wa kienyeji wanaochinjwa katika karamu za Dar es Salaam, wengi wao wamesafiri katika matenga kutoka Singida. Vitunguu vya Singida vyajulikana masokoni. Mafuta ya alizeti yanayosifiwa na wake zetu kuwa mepesi, Singida ni miongoni mwa mikoa iliyo mbele kwa kuyatoa. Asali ya Itigi na Manyoni nayo tunailamba. Twala matunda ya mikono ya watu wale kila siku, kisha twawaita "watu wa bara" kwa kubetua mdomo, na huku vijana wetu wamekaa barazani tangu alasiri hadi isha.

Mkoa huo, ulioundwa mwaka 1963, umo katikati ya Tanzania, karibu kilomita 700 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Ni nchi kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja: huanza Novemba au Disemba, hukatika Aprili, kisha hufuata miezi mingi ya jua na upepo. Sensa ya 2012 ilihesabu huko watu milioni 1.37 hivi, na sensa ya 2022 ikakuta wamezidi milioni 2. Na kama ilivyo Tanzania nzima, wengi wao ni watoto na vijana.

Basi fikirini hali ya kijana wa Iramba, wa Ikungi au wa Mkalama aliyetoka shule. Shamba la baba yake lataka mikono yake miezi mitano au sita. Miezi iliyobaki, nguvu zake zaenda wapi? Hapo ndipo yale maneno matatu yanapomkuta. Akiyasikiliza, hupanda basi, hushuka Mbezi katika kituo cha Magufuli, na huanza kuzunguka mjini bila ya ufundi, bila ya jamaa wa kumsimamia, bila ya kujua anatafuta nini. Hatusemi kwamba kusafiri ni vibaya. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi, na kutembeza bidhaa juani ni kazi ya halali yenye heshima. Tunachokilaumu ni kusafiri kwa kukimbia utupu, kwani mtu akiukimbia utupu huwa ameubeba mwenyewe ndani ya mfuko wake.

Na kijana wa pwani asijione amepona. Yeye hahitaji hata nauli ya basi ili apotee. Baraza iko mlangoni.

NENO LA KWANZA: "NGOJA AJIRA"

Sheria yetu imeuweka wazi mlango wa utu uzima, nao ni baleghe. Siku hiyo kalamu huanza kuandika. Swala humlazimu, saumu humlazimu, na ahadi zake huwa ni ahadi. Lakini sisi tumeuhamisha mlango huo. Tumeupeleka mbele mpaka kwenye cheti, kisha mpaka kwenye barua ya kuajiriwa, na barua isipokuja, tunamwita "mtoto" mtu mwenye ndevu, wa miaka ishirini na saba. Kati ya mlango wa Mwenyezi Mungu na mlango wetu tumechimba shimo la miaka kumi au zaidi, na ndani ya shimo hilo ndimo nguvu za vijana zinamoozea. Kisha tunashangaa harufu.

Wanazuoni wetu hawakuwa hivyo. Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu amewaamrisha walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao uongofu wa akili wawakabidhi mali zao. Imam Nawawi, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomwa katika darsa za mwambao wetu kwa vizazi na vizazi, ameeleza jaribio hilo huwa vipi: mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua na kupatana bei, mtoto wa mkulima hujaribiwa kwa kilimo na kwa kuwasimamia wafanyakazi na matumizi yao, na mtoto wa fundi hujaribiwa katika ufundi wa watu wake. Wala mwanamke hakuachwa: naye hujaribiwa katika kazi za wanawake wa zama hizo, kama kusokota pamba, na katika kuhifadhi chakula cha nyumba. Na jaribio halitoshi mara moja, hurudiwa.

Haya si maneno ya wageni. Ni fiqhi ya Kishafii, tuliyoikariri kwa sauti tukiwa tumekaa juu ya mikeka. Tumesoma mlango wa swala tukauamini, tukafika mlango huu wa kumjaribu kijana, tukaupita kama unaowahusu mayatima wa Damascus peke yao. Ni baba gani miongoni mwetu aliyempa mwanawe wa miaka kumi na minne shilingi kidogo, akamwambia: "Nenda sokoni, nunua, uza, urudi unihesabie," kisha asimkaripie alipopata hasara bali amweleze? Ni mama gani aliyempa bintiye kuku watano akamwambia: "Hawa ni wako, chakula chao ni juu yako, na mayai yao ni yako"? Tumewaficha watoto wetu na majaribio madogo, kisha tumewatupa ghafla katika jaribio kubwa. Na baadaye tunasema vijana wa siku hizi hawana mwelekeo!

Hatusemi kwamba wenye madaraka hawana dhima. Kazi za ofisini ni chache, nao wanaomaliza shule ni wengi, na aliyeahidi ajira atalipa deni la ahadi yake. Lakini dhima ya mwengine haikuondolei yako. Anayengoja mvua huku jembe lake halina mpini, mvua ikija itamkuta bado anatafuta mti.

NENO LA PILI: "FUATA MOYO WAKO"

Neno hili limekuja kwa vipaza sauti. Wako watu wanaojiita wahamasishaji, hukodisha kumbi na hujaza video katika simu, na mafundisho yao ni kuwa ndani ya kila kijana imo ndoto, na kwamba kazi yake ya kwanza ni kuitafuta ndoto hiyo, wala asiguse kitu kingine mpaka aione. Kijana hurudi nyumbani amechangamka siku tatu. Siku ya nne hujitazama ndani, asione ndoto yoyote, na huzuni humshika akidhani yeye ndiye mbovu.

Na mfano wanaoupenda sana wanapozungumza na vijana wa Singida ni Mohammed Dewji, maarufu kwa jina la Mo. "Huyu amezaliwa Singida kama wewe," husema, "basi nawe ota ndoto kubwa!" Ni kweli amezaliwa Ipembe, Singida, mwaka 1975, na akawa mbunge wa Singida Mjini tangu 2005 mpaka 2015. Lakini kwa nini hawaisomi hadithi yote? Aliporudi kutoka Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, alikomaliza masomo mwaka 1998, hakurudi kwenye ndoto. Alirudi kwenye biashara ambayo baba yake alikwisha kuijenga kwa miaka mingi, na ukoo ule ulikuwa na duka kabla ya kuwa na viwanda. Alikuta mizani, daftari na wazee wanaojua bei. Funzo lililomo humo si kuota. Funzo ni kuwa kuna watu walioshika kazi moja vizazi vitatu hawakuiacha, na kila kizazi kikamkabidhi kijana wake mapema. Anayemsimulia maskini mwisho wa hadithi na kumficha mwanzo wake, amemdanganya.

Sisi tunao mfano ulio bora kuliko wa tajiri yeyote, nao ni wa Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Tumetajiwa alipofikia ukamilifu wa nguvu zake. Na jambo la kwanza tunalosimuliwa juu ya nguvu hizo ni lipi? Ni kuwa alipiga ngumi moja, na mtu akafa. Hakukusudia kuua, na mara ile ile akamuomba Mola wake msamaha, naye akamghufiria. Lakini tazameni: nguvu ile ile, isiyokuwa na hatamu, katika pigo moja imemfanya mkimbizi.

Kisha akafika Madyan, hana kitu, hana mtu. Akaona wanawake wawili wamezuia mifugo yao, hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke. Hakukaa akauliza moyo wake kama unapenda kazi ya kunywesha mifugo. Haja ilikuwa mbele ya macho yake, nguvu zilikuwa mikononi mwake, akaviunganisha viwili hivyo, akawanyweshea, kisha akarudi kivulini akamuomba Mola wake. Nguvu ile ile iliyoua ndiyo iliyonywesha. Na kutoka kwenye ndoo hiyo zikaja neema zote: yule binti akamwambia baba yake amwajiri, kwani mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu, akapewa mkataba wa miaka minane, au kumi akipenda kutimiza, akapata mke, akapata nyumba. Alichunga mbuzi na kondoo miaka yote hiyo kabla ya kuitwa kwenye mlima wa Tur. Na fimbo iliyokuja kuwa muujiza mbele ya Firauni ilikuwa ndiyo fimbo aliyokuwa akiangushia majani kwa ajili ya wanyama wake.

Basi wako wapi wanaosema kazi ndogo humpotezea kijana njia yake? Njia ya Musa ilipita humo humo katika kazi ndogo. Mapenzi ya kazi mara nyingi huja baada ya ustadi, na ustadi huja baada ya subira. Hakuna aliyeipenda randa siku ya kwanza ilipomtoa malengelenge.

NENO LA TATU: "JARIBU BAHATI"

Hapa hatutasema mengi, kwani haramu i wazi. Kamari imetajwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida, na ikaitwa uchafu katika kazi za Shetani. Leo imehamia katika simu, imevaa jezi ya mpira, na imebadili jina ikaitwa "kubeti". Kijana wa Singida aliyeuza gunia la alizeti, na kijana wa Tanga aliyelipwa kibarua cha bandarini, wote wawili waweza kuutia ujira wao humo kabla ya swala ya magharibi.

Lakini hata asiyekubali hoja ya dini na asikilize hoja ya hesabu. Kampuni ya kamari hulipa wafanyakazi, hulipa kodi, hulipa matangazo, kisha hupata faida. Fedha zote hizo zatoka wapi, ikiwa si katika mifuko ya wachezaji? Basi wachezaji wakikusanywa pamoja hapana budi wapoteze, na yule mmoja anayeonyeshwa katika matangazo akicheka ni chambo tu. Samaki ni hao wengine.

Na ubaya mkubwa hauko katika fedha. Uko katika somo ambalo kamari humfundisha kijana: kwamba hapana uhusiano baina ya jasho na rizki. Mwenye kuliamini somo hilo hawezi tena kuvumilia msimu wa alizeti wala miaka ya uanagenzi. Wala asije mtu akasema, "Lakini rizki si imeandikwa?" Naam, imeandikwa, na kutafuta pia kumeandikwa. Mwenyezi Mungu ametufunza katika Suratun Najm kuwa mtu hana ila lile alilolifanyia bidii, na Mtume (S.A.W.) alimfunza bedui amfunge kwanza ngamia wake ndipo ategemee.

UNA NINI NYUMBANI?

Basi kama hatumwambii angoje, wala aote, wala abahatishe, tumwambie nini? Tumwambie alilolisema Mtume wetu (S.A.W.).

Amepokea Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik kuwa mtu mmoja katika Ansari alikuja kwa Mtume kuomba. Mtume akamuuliza kama nyumbani kwake hamna chochote. Akasema yumo na kitambaa kizito, wanajifunika upande mmoja na kutandika upande mwengine, na bakuli la kunywea maji. Akaamrishwa avilete. Mtume akavinadi mwenyewe mbele ya watu; mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, mpaka vikauzwa kwa dirhamu mbili. Akampa yule Ansari fedha zake, akamwambia moja anunulie chakula cha ahali zake, na ya pili anunue shoka alete. Lilipoletwa, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia aende akakate kuni auze, na asimwone siku kumi na tano. Yule mtu akarudi amepata dirhamu kumi.

Zingatieni mambo manne. Hakuulizwa ndoto yake. Aliulizwa nyumbani kwake mna nini. Chakula cha watu wa nyumbani kilitangulia. Nusu ya pili ikawa chombo cha kazi. Na aliyekuwa kiongozi wa umma hakumalizia kwa mawaidha, bali alitia mpini. Na ile muda ya siku kumi na tano ni darsa nzima: kazi hupewa muda wake kabla ya kuhukumiwa.

Sasa tuulize Singida: mna nini nyumbani? Mna alizeti. Kijana huvuna, na kwa kuwa kila mtu huvuna wakati mmoja, bei huanguka. Huuza mbegu kwa rahisi kisha miezi michache baadaye hununua mafuta kwa ghali. Lakini mbegu ikikamuliwa hutoa vitu viwili, mafuta na mashudu, na mashudu ni chakula cha mifugo. Vijana wanne wenye magunia yao wakishirikiana wakahifadhi mbegu, wakakodi mashine, wamezuia faida isikimbie kijijini.

Mna kuku. Adui wao mkubwa ni mdondo, ambao wengine huuita kideri, na mama aweza kulala na kuku thelathini akaamka na watatu. Dawa yake si hirizi. Iko chanjo iitwayo I-2, isiyoharibika upesi kwa joto, hutiwa tone moja katika jicho la kuku na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Binti mmoja aliyejifunza kutia tone hilo, akazunguka nyumba hadi nyumba kwa malipo kidogo ya kila kuku, ameokoa mali ya kijiji na amepata kazi bila ya kungoja barua ya mtu.

Na mna nyuki, viumbe ambao Mwenyezi Mungu amewapa sura nzima kwa jina lao. Nyuki huingia katika maua ya alizeti, na alizeti iliyotembelewa na nyuki hujaa mbegu vizuri zaidi. Basi mwenye mizinga karibu na shamba huvuna mara mbili. Alizeti yamlisha nyuki, nyuki huijaza alizeti, mashudu yamlisha kuku, samadi ya kuku yarudi shambani. Na kazi za mizinga, za mashine na za banda la kuku zaweza kuijaza ile miezi ya kiangazi tuliyoambiwa kuwa haina kazi. Na anayetaka ufundi wa mikono, vyuo vya VETA vipo, Singida na pwani pia.

Pwani nako mna nini? Mna bahari, minazi, mwani, useremala wa milango na majahazi, upishi na ushoni wa kofia ambao watu hutoka mbali kuununua. Wazee wenye ufundi huo wanakufa mmoja mmoja, na vijana wamekaa hatua ishirini kutoka karakana zao, wakitazama simu.

NGUVU YENYE NJIA, LAKINI NJIA IPI?

Hata hivyo, tusidanganyike kuwa bidii peke yake yatosha. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, katika nchi ambayo leo wilaya ya Manyoni imo ndani yake. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, aliingia safari za bara angali kijana, na alipofariki mwaka 1905 alikuwa na utajiri mkubwa. Hapana awezaye kusema alikuwa mvivu, wala kuwa nguvu zake zilikosa mwelekeo. Lakini mwelekeo wake ulikuwa pembe za ndovu na shingo za watu. Jamaa zetu wa pwani walishiriki katika njia hiyo, na watu wa bara hawajasahau. Basi twajua kwa historia yetu wenyewe kuwa nguvu iliyopata njia yaweza kuwa msiba mkubwa kuliko nguvu iliyolala.

Na leo yako mambo madogo ya aina hiyo. Iko lumbesa, gunia lililovimbishwa juu ya kipimo ili mkulima wa vitunguu atoe zaidi ya anacholipwa. Kijana dalali anayejifunza lumbesa akiwa na miaka ishirini amejifunza kazi, naam, lakini ni kazi ambayo Suratul Mutaffifin imeianzia kwa ole. Ndiyo maana yule binti wa Madyan alitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Nguvu bila ya amana ni ile ngumi. Nguvu pamoja na amana ni ile ndoo.

MPINI NI JUU YETU

Litabaki swali la mtaji, nalo ni swali la haki. Kijana atasema: "Shoka nimelisikia, nani atanitilia mpini?" Hapa lawama yatuhusu sisi watu wazima, na tusiikwepe. Yule Ansari hakuambiwa "jitegemee" kisha akafungiwa mlango. Alinadiwa vitu vyake na mtu ambaye watu wanamheshimu, mbele ya wanunuzi waliokusanyika, na akafanyiwa chombo chake.

Wanazuoni wa madhehebu yetu, na Imam Nawawi miongoni mwao, wamesema kuwa maskini anayejua ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia vyombo vya kazi yake, na anayejua biashara hupewa rasilimali ya kumtosha. Lakini sisi zaka tunaigawa noti moja moja mlangoni mwezi wa Ramadhani, maskini wasimame foleni juani, na mwaka ujao foleni iwe ile ile, kwa watu wale wale. Hiyo ni dirhamu ya chakula, nayo ina thawabu zake. Iko wapi dirhamu ya shoka? Kwa karamu moja ya harusi twatumia fedha ambazo zingenunua cherehani kadhaa, na bibi harusi angetuombea dua vile vile kama wageni wangekula pilau pungufu kidogo.

Basi twazitaka kamati za misikiti, Singida na pwani, zifanye mambo matatu yasiyohitaji ruhusa ya mtu. Kwanza, baada ya Ijumaa moja kila mwezi, wakae na vijana na kumuuliza kila mmoja lile swali la Mtume: una nini nyumbani? Pili, watenge sehemu ya zaka na sadaka iwe ya vyombo tu: mzinga, cherehani, randa, wavu, chanjo, na kinachokopeshwa kiandikwe na kushuhudiwa kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqara, tena pasiwe na riba. Tatu, kila kijana akabidhiwe kwa fundi au mkulima au mfanyabiashara mwaminifu kwa muda uliotajwa, na mtu asimhukumu kabla ya muda huo kwisha.

Na wewe kijana unayesoma haya, au unayesomewa na dada yako jikoni, hatukuahidi utajiri. Twakuambia tu kuwa umekwisha kuwa mtu mzima tangu siku ile kalamu ilipoanza kuandika, na hapana barua itakayokuongezea utu uzima. Tazama haja iliyo karibu nawe, tazama kilichomo nyumbani, tafuta mwalimu, weka nia, kisha shika kazi hiyo muda wa kutosha. Ikidhihiri baadaye kuwa njia yako ni nyengine, utaihamia ukiwa na mikono iliyozoea kazi, wala hutakuwa umepoteza. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, basi akiweza aupande. Ikiwa siku hiyo haikuwa udhuru wa kuutupa mche, miezi sita ya kiangazi cha Singida yawaje udhuru?

Mwenyezi Mungu azijaalie nguvu za vijana wetu ziwe hoja kwa ajili yao, zisiwe hoja juu yao, na atuondoshee sisi wazee uzito wa mikono katika kutia mpini. Amin.

Wabillahi tawfiq.